Pua Isiyosikia

Jumatatu, 3 Machi

Nimenunua daftari. Siri niliyo nayo imeshindwa kukaa kichwani, na kumwambia mtu siwezi. Thubutu! Basi naiandika hapa, kisha daftari litalala chini ya godoro.

Siri yenyewe ni hii: pua yangu imekufa.

Ilikufa kwenye mafua ya Desemba, yale yaliyotulaza mimi na mama mkwe wangu wiki mbili, kila mtu chumbani kwake, tukijuliana hali kwa kukohoa. Mafua yalipoondoka yaliondoka na pua yangu. Sabuni, kahawa, mafuta ya taa, soksi zangu mwenyewe: kimya. Kwa mtu mwingine ingekuwa hasara ndogo. Lakini mimi kazini naitwa Pua! Miaka ishirini na sita naitwa Pua. Jina langu la kweli hata mlinzi wa getini halijui.

Nieleze kazi, ili siku nikifa atakayelisoma daftari hili asinione mwendawazimu. Nakagua mikanda ya sinema za zamani kwenye ghala la filamu. Mkebe unaletwa mezani, naufungua, nauzungusha mkanda kwa mkono taratibu juu ya kioo chenye taa. Nahesabu matundu yaliyochanika pembeni, maungio, mikwaruzo. Napima kama mkanda umesinyaa. Kisha naandika kadi ya hali: tarehe, kasoro, daraja, sahihi. Ila kabla ya yote hayo, mfuniko ukitoka tu, nanusa. Mkanda unaoanza kuoza hutoa harufu ya siki. Siki kidogo, daraja la pili. Siki kali, la tatu. Siki ya kuangusha watu, la nne, na mkanda huo hauna maisha. Ubaya zaidi, unawaambukiza majirani zake kwenye rafu.

Tangu Januari nimeandika "harufu: hakuna" kwenye kadi zote. Si uongo. Mimi sikusikia yoyote.

Jumanne, 4 Machi

Adui amepata silaha.

Adui ni dada mmoja aliyeletwa ghalani mwaka jana na shahada mbili na kalamu za rangi nne. Namwita Bi Vikaratasi. Ana vikaratasi vya buluu, vidogo kama tiketi. Unaweka kimoja ndani ya mkebe, unafunga, unasubiri siku nzima. Kukiwa na uozo kinageuka kijani, na ukizidi, manjano. Mwaka mzima nimevicheka. Nilisema mbele ya watu wote, wakati wa chai, kwamba karatasi haina pua. Watu walicheka mpaka mtunza stoo akamwaga chai yake. Siku tamu ile.

Leo Mkuu wetu amemletea boksi zima. Mkuu huongea akitembea, kwa hiyo tulimfuata rafu hadi rafu kusikiliza. Akasema vikaratasi vitapita ghala zima, na matokeo yatalinganishwa na kadi zangu. Akasema pia kwamba mwaka huu kuna nafasi ya filamu moja tu kwenda kunakiliwa upya. Itachaguliwa kwa kadi: ile iliyoanza kuoza lakini bado inaokoleka. Za daraja la kwanza zitasubiri, maana hazina haraka. Akanigeukia akaniuliza kama nasikia. Nikashtuka! Kumbe alimaanisha masikio. Nikasema nasikia sana.

Nyumbani, balaa jingine. Nimekaa sebuleni na mama mkwe, yeye kiti cha dirishani, mimi kiti cha mlangoni, adabu katikati. Mara mlango unagongwa kwa fujo. Ni fundi viatu wa chini, anauliza kama tunapika au tunaungua. Jikoni moshi mtupu! Maharage yamekuwa mkaa. Mama akasema alikuwa na mawazo. Nikasema hata mimi. Moyoni nilimhurumia, uzee umeanza kumchezea. Pua anayo nzima kabisa, ila haangalii inamwambia nini.

Ana miaka sabini na tisa. Mke wangu, binti yake, alifariki miaka mitatu iliyopita. Baada ya msiba wanawe wengine walikuja kumchukua. Akawaambia ataondoka mkwe wake akishajua kupika. Nimehakikisha mpaka leo sijui.

Jumatano, 5 Machi

Mpango umenijia nikioga, sabuni usoni. Pua ninayo nyumbani! Ya mama!

Kuutoa mkanda ghalani ni wizi, na mimi si mwizi. Lakini glavu je? Tunavaa glavu nyeupe za pamba, na pamba inashika harufu. Leo nimefungua mikebe kumi na mmoja. Kila mmoja nimeuachia glavu ya kushoto ndani kwa saa nzima, kisha nikaitia glavu kwenye mfuko wa plastiki wenye namba. Hakuna aliyeona. Kazi safi.

Taabu ilikuwa jioni. Mtu hafiki kwa mama mkwe wake akamwambia shika, nusa glavu zangu. Nimezunguka nusu saa. Nimeanzia kwenye hali ya hewa, nikapitia goti lake linalouma, nikatua kwenye usafi wa nguo za kazini. Nikasema nataka kujua glavu zipi zinahitaji kuoshwa. Nikamuuliza kwa heshima zote kama anasikia. Akasema anasikia vizuri sana, mwanangu, Mungu amemsaidia.

Akavaa miwani. (Ya kunusia? Sikuuliza.) Akazichukua moja moja kwa vidole viwili, akazipitisha puani taratibu, uso mzito kama wa hakimu. Hii safi. Hii kidogo. Hii safi. Hii, mwanangu, ina neno.

Nimeandika kadi kumi na moja pale pale kwenye meza ya kulia chakula. Nalala kama mfalme.

Ijumaa, 7 Machi

Mtunza stoo ametangaza kwamba ana glavu kumi na moja za kulia ambazo za kushoto hazionekani. Bi Vikaratasi akauliza kwa upole kama kuna mtu amepoteza mkono. Nikasema ni panya. Mtunza stoo akauliza ni panya gani anayebagua mikono. Nikaondoka, nina kazi.

Jioni nimefungua sanduku la mke wangu. Hufanya hivyo kila Ijumaa, mlango ukiwa umefungwa, mama akidhani nahesabu nguo za kufua. Ndani kuna mtandio wake wa zambarau. Zamani nilikuwa nauweka usoni na yeye alikuwa chumbani, papo hapo, amesimama nyuma yangu anauliza natafuta nini. Tangu mafua, kitambaa tu. Labda harufu imekwisha yenyewe, miaka mitatu ni mingi. Au bado ipo na mimi ndiye sijui. Sijui lipi linaniuma zaidi. Nimefunga sanduku upesi, ili kama ipo isitoke bure.

Jumatatu, 10 Machi

Kimenuka! Na mimi ndiye pekee nisiyesikia.

Bi Vikaratasi aliweka vikaratasi vyake kwenye mikebe yangu kumi na mmoja siku za mapumziko. Asubuhi akanifuata mezani, peke yake, kabla hajamwambia mtu. Akasema kadi tisa kati ya kumi na moja hazikubaliani na vikaratasi. Akaniuliza, kwa sauti ya chini, kama niko mzima. Hapo ndipo ningesema. Mdomo niliufungua kabisa! Nikasikia unasema vikaratasi vyake vimepitwa na wakati.

Akaenda kwa Mkuu. Mkuu akazunguka ofisi mara tatu akaamua: Alhamisi, mbele ya wafanyakazi wote, mikebe sita. Pua itanusa, karatasi itasomwa. Orodha ikabandikwa ukutani. Nikaisoma mpaka namba sita, uso ukanishuka.

Namba sita ni mkebe wa tatu wa sinema ya fundi cherehani.

Sinema ile ilipigwa zaidi ya miaka hamsini iliyopita. Fundi anapoteza koti la bwana harusi, anakimbia nalo mji mzima bila kujua kwamba amelivaa mwenyewe. Ni ya kuchekesha, na nakala iliyobaki ni yetu tu. Kwenye mkebe wa tatu fundi anakatiza sokoni. Siku waliyopiga picha pale, mama mkwe wangu alikuwa anapita na kapu, mama kijana mwenye miaka ishirini na tatu, mtoto mgongoni. Mtu wa kamera akampigia kelele asiangalie huku, aendelee kutembea. Akaangalia. Mtoto yule ndiye mke wangu, mwenye miezi saba. Ndiyo maana nyumbani tulimwita Mwigizaji.

Sinema ilipotoka mama alienda kuiona. Sokoni palipofika mtoto akaanza kulia, mama akainama kumbembeleza, alipoinua kichwa fundi ameshavuka barabara. Hakuiona. Haijaonyeshwa tena. Mimi nimeukagua mkebe ule mara kadhaa, lakini pale sokoni huwa nafumba macho, nazungusha kwa vidole, maana nilimwahidi mke wangu tutaiangalia siku moja sisi watatu, yeye, mama na mimi. Kila mwaka tulipanga. Kila mwaka palikuwa na goti, au mvua, au mimi nilitaka kwanza nimalize rafu. Alipofariki hakuna aliyelitaja tena.

Nimechomoa kadi yake. Tarehe 14 Januari. Harufu: hakuna. Daraja la kwanza. Sahihi yangu, yenye mkia mrefu.

Kama mkanda ule unaoza, basi nimeupeleka nyuma kabisa ya foleni kwa mkono wangu. Wote walipoenda chakula cha mchana niliufungua, nikaingiza uso mzima ndani. Kimya. Nikapitisha kidole pembeni. Ukingo umeanza kujikunja, kama pindo la gauni lisilopigwa pasi. Vidole vyangu havijawahi kunidanganya. Nimefunga mkebe, nimejitia hamnazo.

Jumanne, 11 Machi

Mambo hayajaharibika. Ipo njia!

Nimemwomba Mkuu ruhusa ya kumleta mgeni Alhamisi: mama mkwe wangu, mwigizaji wa zamani. Mkuu amefurahi, ameahidi kiti chenye mto. Mama atakaa karibu na meza. Mimi nitanusa, yeye atasikia, kisha atanipa ishara kwa kikohozi. Kimoja, safi. Viwili, siki kidogo. Vitatu, mbaya. Nani atamshuku bibi mwenye kikohozi?

Kumweleza kulinichukua sahani nzima ya wali. Nimemwambia kazini kuna mashindano madogo ya kunusa, na pua yangu mimi bado ina mafua kidogo. Mafua ya Desemba? akauliza. Nikasema ndiyo, yamechelewa kuaga. Akaniangalia muda mrefu. Ilikuwa kama anataka kusema kitu, kisha akakikunja akakiweka. Akasema, "Kukohoa naweza, mwanangu."

Tumefanya mazoezi, yeye kiti cha dirishani, mimi cha mlangoni. Anakohoa vizuri mno. Fundi viatu amepanda kuuliza kama tunahitaji daktari.

Alhamisi, 13 Machi

Nimeumbuka. Nitaandika kwa mpangilio, kama kadi.

Mama alivaa gauni la kijivu alilovaa kwenye harusi yetu. Mkuu alimwamkia mara mbili. Tulikuwa watu kumi na moja chumbani, pamoja na mlinzi wa getini aliyesimama mlangoni kwa udaku wake. Bi Vikaratasi alikuwa ameshaweka vikaratasi tangu jana. Utaratibu: nainua mfuniko kidogo upande wangu, nanusa, natangaza. Ndipo yeye anachomoa kikaratasi chake.

Mkebe wa kwanza. Nilifumba macho, nikavuta pumzi mpaka vifungo vya shati vikalalamika. Mama akakohoa mara moja. Nikasema safi. Kikaratasi: kijani.

Wa pili. Mama akakohoa mara tatu. Nikasema huu umeoza, utengwe leo leo. Kikaratasi: buluu kama siku kilipozaliwa.

Wa tatu, mama akakohoa mara mbili, akatulia, akakohoa tena kidogo. Viwili au vitatu? Nikasema mbili na nusu. Mkuu akaacha kutembea, mara ya kwanza nimemwona hivyo, akauliza daraja la mbili na nusu ni lipi.

Wa nne, mlinzi akakohoa. Nikamhesabu naye.

Wa tano sitaki kuukumbuka.

Mtu anayebahatisha tu angepata hata mmoja. Mimi sikupata! Bi Vikaratasi hakucheka. Angecheka ningekuwa na nguvu ya kumkasirikia.

Kisha wa sita. Mkebe wetu. Nilitaka kuinua mfuniko kidogo kama mingine, lakini ulikuwa umekaza. Nikauvuta, ukatoka wote kwa mkupuo, ukaanguka sakafuni ukazunguka.

Watu wote walirudi nyuma. Mkuu akaziba pua kwa leso. Mtunza stoo akapiga chafya mara tano. Mlinzi alitoka nje kabisa. Bi Vikaratasi akageuza uso, machozi yanamtiririka. Mezani tulibaki wawili tu, nyuso zetu juu ya mkebe, tumeinama kama watu wanaongoja maji yachemke. Mimi na mama.

Akakohoa mara moja. Safi.

Nikamwangalia. Akaniangalia.

"Mama," nikasema, "unasikia?"

"Nakusikia, mwanangu. Harufu ndiyo sisikii. Tangu yale mafua."

"Na zile glavu?"

"Uliniuliza kama nasikia, nikakujibu nasikia. Masikio yangu mazima." Akashusha sauti, lakini wote walisikia. "Ulikuja na glavu zako kwa adabu vile. Nikaona mwanangu ana shida. Ningekunyimaje?"

Miezi mitatu! Miezi mitatu ndani ya nyumba moja, watu wawili wasio na pua, kila mmoja anamfichia mwenzake kwa heshima. Ndiyo maana maharage.

Nakiri hapa, kwa kuwa hakuna anayesoma: hata wakati ule mipango mitatu ilinijia papo hapo, na mmoja ulikuwa mzuri sana. Ningesema mama anaumwa, tumpeleke hospitali. Lakini mama akaweka kiganja juu ya ukingo wa mkebe akauliza kama huu ndio wetu. Nikasema ndio. Akauliza kama umeharibika. Jibu lilikuwa kwenye kadi, na kadi ilikuwa ya uongo.

Nikachukua kalamu. Nikakata "harufu: hakuna." Nikaandika: Harufu: kali, kwa ushahidi wa chumba kizima. Ukingo umeanza kujikunja. Daraja la tatu. Kadi ya awali isitumike. Mkaguzi alikuwa hana uwezo wa kunusa na hakusema. Nikatia sahihi, bila mkia. Nikampa Mkuu.

Bi Vikaratasi alijifuta macho, akavaa glavu (zote mbili, amejaliwa), akauweka mkanda mezani. Akapima. Akasema umesinyaa, lakini bado unapita kwenye mashine. Mwaka huu unapita. Mwakani asingeahidi. Kisha akaniuliza kama najua sokoni ni wapi. Nikamwambia baada ya ungio la nne, hesabu matundu mia mbili. Akazungusha, akasimamisha, akawasha taa, akampa mama kioo cha kukuzia, akampisha kwenye kiti chake mwenyewe.

Mama aliinama. Mimi nilizungusha, taratibu, picha moja moja. Pale sokoni pana picha tisini na sita. Zikipita kwenye mashine ni sekunde nne. Sisi tulizipitia nusu saa.

Kuna kapu. Kuna msichana mwembamba mwenye shingo ndefu, anaangalia moja kwa moja alikokatazwa kuangalia. Mgongoni pake kuna kichwa kidogo na mguu mmoja uliotokeza kwenye nguo.

"Kumbe alikuwa amelala," mama akasema. "Siku zote nilikuwa nasema alilia. Sokoni alilia, kwenye sinema alilia. Nimemsingizia mtoto wa watu miaka yote hii. Tazama, amelala."

Sikufumba macho safari hii. Nilitazama. Mguu wake ni ule ule, kidole cha pili kirefu kuliko cha kwanza. Nililia mbele ya Mkuu, mtunza stoo na adui yangu. Wakadhani ni siki, na mimi nikawaacha wadhani.

Ijumaa, 14 Machi

Barua ya onyo. Karatasi mbili, imeandikwa vizuri. Nimevuliwa kunusa. Kadi zote tangu Januari zitafanywa upya kwa vikaratasi, na mimi nitakuwa chini ya Bi Vikaratasi mpaka ziishe. Zipo mia nne na sita. Mlinzi ameniamkia asubuhi kwa jina langu la kweli, sijui ameliulizia wapi. Nilipita bila kuitika, nilidhani anamwita mtu mwingine.

Lakini! Sinema ya fundi cherehani ndiyo imepata nafasi. Inaondoka Jumatatu kwenda kunakiliwa. Kumbe kama isingeanza kuoza isingechaguliwa, na kama nisingesema ukweli isingejulikana kwamba imeanza kuoza. Nimemweleza Mkuu kwamba kwa namna fulani uzembe wangu umeiokoa filamu. Mkuu aliondoka bila kumaliza kunisikiliza.

Bi Vikaratasi amenishangaza. Baada ya chai aliniletea mkanda akaniomba nimwonyeshe namna ya kuusikia ukingo kwa kidole. Alisema kikaratasi kinangoja siku nzima kusema kitu ambacho mimi nilikijua Jumatatu mchana. Nani alimwambia? Nilimwambia mwenyewe, kwenye kukiri, nilikiri mengi. Tukakaa saa nzima, macho tumefumba wote wawili, tukipapasa. Ana vidole vizuri. Sasa sijui nimwite nani.

Nimeapa leo, kwa wino, kwenye daftari hili: sitaandika tena harufu nisiyoisikia. Kamwe! Kwa kitu chochote. Mtu akinitaka niandike nitamwonyesha ukurasa huu.

Ijumaa, 21 Machi

Wiki ya kadi. Mia moja na tatu zimekamilika. Kila nilipoandika "harufu" niliacha wazi, akajaza yeye. Mtu mpya kabisa, mimi.

Jioni nimefungua sanduku kama kawaida, mlango nikasahau kuurudisha. Nilipoinua kichwa mama alikuwa amesimama pale. Miaka mitatu hajawahi kuingia chumba changu, na hakuingia leo. Alisimama kwenye kizingiti. Akaniuliza kama ndio mtandio wa zambarau.

Nikampa. Sikujua nifanye nini kingine. Nikamwambia najua harufu imeisha, nilitaka tu kuukunja upya. Akaketi kwenye kiti cha kwenye ujia, akaufunika usoni wote, akavuta pumzi. Alikaa hivyo muda mrefu mpaka nikaanza kuogopa.

"Yupo," akasema.

Sasa mimi namjua. Pua yake na pua yangu zilikufa wiki moja, kwa mafua yale yale, chini ya paa moja. Nimekagua mikanda miaka ishirini na sita. Kadi ya uongo naijua hata ikiwa haijaandikwa.

Nikamuuliza kama ana uhakika. Akasema ninuse mwenyewe. Nikanusa. Nikasema ni kweli, mama, yupo. Akaitikia kwa kichwa, akaniambia niukunje vizuri, kona kwa kona, siyo kama ninavyokunja mashati yangu.

Mfukoni nilikuwa na kadi moja tupu ya kazini. Nimeijaza, nimeiweka ndani ya sanduku, juu ya mtandio:

Kitu: mtandio, mmoja. Kasoro: nyuzi zimechomoka pembeni, sehemu mbili. Rangi: imepauka kidogo. Harufu: ipo. Daraja la kwanza. Wakaguzi: wawili.

Nimetia sahihi, na mkia wake.

Naachia hapa. Fundi viatu anagonga mlango kwa fujo, sijui leo ana neno gani.